KAWIA UFIKE: KWA BAISIKELI KUTOKA UMOJA HADI MJINI NAIROBI

Wasomaji wengi wamekwisha kusoma habari za safari za mbali: mtu aliyepanda Mlima Kenya, mtu aliyevuka bahari kwenda kusoma Uingereza, mtu aliyefika Lamu akaona nyumba za mawe na milango ya nakshi. Safari yangu si ya namna hiyo. Ni safari ya kilomita kumi hivi, kutoka mtaa wa Umoja, upande wa mashariki wa Nairobi, hadi katikati ya mji, ambako mimi ni karani katika ofisi moja ya serikali. Naifanya asubuhi na jioni, siku tano kwa juma, na huu ni mwaka wa tatu. Hata hivyo nathubutu kusema kwamba mtu aendaye njia hii kwa baisikeli huona mambo mengi, na hatari nyingi, zaidi ya msafiri aliyeketi ndani ya ndege akaletewa chai.

Sikununua baisikeli kwa kujifurahisha. Nina mke na watoto wawili, na nina mdogo wangu ambaye namlipia karo katika chuo cha ufundi. Nauli ya matatu kutoka kwetu haina bei moja. Asubuhi ya jua huweza kuwa shilingi 50. Mvua ikidondosha tone la kwanza huwa 100, wala hakuna wa kumwuliza. Siku moja ya mwisho wa mwezi niliketi na kalamu, nikajumlisha kama nijumlishavyo vitabu vya ofisi, nikaona kwamba zaidi ya shilingi 3,000 zilikuwa zikienda mikononi mwa makondakta kila mwezi. Karo ya mdogo wangu ilikuwa humo. Basi nikanunua baisikeli ya mtumba kwa shilingi 12,000, nyeusi, ya chuma kizito, yenye kengele na kichukuzi nyuma. Kabla ya miezi mitano kwisha ilikuwa imejilipa.

Faida ya pili ni wakati. Magari yakisongamana asubuhi, matatu yaweza kutumia saa nzima na nusu kwa mwendo ambao baisikeli huumaliza kwa dakika 45. Nimekwisha kuwapita majirani zangu wameketi ndani ya gari lililosimama, wakanipungia mkono kwa kicheko. Nami nimewahi kuketi mezani, nikafungua majalada na kunywa chai, kabla mmoja wao hajashuka garini.

NJIA YENYEWE

Natoka nyumbani saa kumi na mbili na robo, kungali na kiza kidogo. Wakati huo Moi Drive imekwisha kuamka. Katika soko la Mutindwa akina mama wanapanga nyanya mafungu mafungu juu ya magunia, na harufu ya mandazi yatokayo kwenye mafuta humfanya mtu aliyekunywa chai aone kwamba hakunywa. Kutoka hapo naingia Outer Ring Road. Barabara hii ilipanuliwa katika miaka ya 2010, ikawekewa madaraja ya watu wa miguu na njia ya kando. Mahali ambapo njia hiyo ni wazi, mwenye baisikeli huenda kwa raha kama mfalme. Lakini mara nyingi si wazi. Utakuta kibanda cha mitumba, utakuta gari limeegeshwa, utakuta bodaboda wamejipanga wakingoja abiria, tena wengine wanakuja mbio kutoka mbele, kinyume cha mwendo, huku wanapiga honi kana kwamba ni wewe uliyepotea.

Penye maungano ya Donholm nageuka kulia kuingia Jogoo Road. Wazee wa Nairobi waikumbuka kwa jina la Doonholm Road, kwani ndivyo ilivyoitwa kabla ya uhuru wa 1963. Hii ni barabara ya wafanya kazi. Pande zake kuna mitaa ambayo watoto wake wamejaa kila ofisi na kila karakana ya mji huu: Makadara, Jericho, Maringo, Bahati, Mbotela, Kaloleni, Makongeni. Nyumba za Kaloleni zilijengwa miaka ya 1940, na miti yake mikubwa ingali ikitoa kivuli. Mbele kidogo ni Burma, sokoni kwa nyama, mahali ambapo husemwa palipata jina kwa askari wetu waliorudi kutoka vita vya Burma vya miaka ya 1940. Halafu nafika City Stadium, ambapo barabara huzunguka, na wenzangu wengi huniaga hapo, wakashika Lusaka Road kwenda Industrial Area. Mimi naendelea na Landhies Road, nikipita Muthurwa na kituo cha mabasi kiitwacho Machakos, hadi soko la Wakulima, ambalo watu huliita Marikiti, kisha naingia Haile Selassie Avenue. Hapo naliona jengo la stesheni ya reli, nami hukumbuka kwamba mji wetu wote ulizaliwa na reli hiyo, iliyofika hapa mwaka 1899 penye tope na nyasi tupu.

Nimesema "wenzangu," na neno hilo ni la kweli. Sisi tuendao kwa baisikeli alfajiri twajuana kwa mgongo na kwa kofia. Yuko bawabu atokaye zamu ya usiku, yuko muuza mikate aliyefunga kreti nyuma hata kichwa chake hakionekani, yuko fundi wa kuchomelea vyuma, na wako wapishi wa hoteli. Makarani ni wachache. Nilipoanza, ofisini walinicheka. Mmoja aliniuliza kama mshahara wangu umekatwa. Kwa fikira za wengi, baisikeli ni ya mtu ambaye bado hajafanikiwa, na gari ni cheti cha kuonyesha kwamba umefaulu. Wazo hili ndilo mzizi wa taabu nitakayoieleza, kwa kuwa dereva aionaye baisikeli kama alama ya unyonge hufikiri kwamba mwenye nayo hana haki ya barabara.

MADEREVA WAKALI

Nimepata kuwagawanya madereva wakali katika namna tatu.

Namna ya kwanza ni dereva wa gari lake mwenyewe, aliyefunga vioo akaweka simu sikioni. Huyu hakuchukii, hakuoni tu. Hupinda kushoto mbele yako ghafula, nawe ukimpigia kengele hushtuka kama mtu aliyeamshwa usingizini, kisha hukutukana kwa kumwamsha.

Namna ya pili ni wa lori. Huyu aghalabu ni mtu mpole, lakini chombo chake ni kikubwa kupita macho yake. Dereva wetu huketi upande wa kulia, na yote yaliyo karibu na ubavu wa kushoto yamefichika kwake. Tena lori likipinda, magurudumu ya nyuma hayafuati yale ya mbele, hukata kona. Mtu aliyesimama na baisikeli kati ya lori na ukingo wa barabara amesimama kinywani mwa simba aliyelala.

Namna ya tatu ni wa matatu. Huyu anakuona vizuri sana, naye ana haraka. Afaa kuelezwa zaidi, maana kumlaumu bila kumjua ni kupiga kelele bure. Jina lenyewe, matatu, latokana na nauli ya zamani ya mapeni matatu, yaani senti 30. Mwaka 1973 Rais Kenyatta aliruhusu magari hayo kuchukua abiria bila leseni kama ile ya mabasi, nayo yakazidi kuwa mengi. Mwaka 2004 zilianza kutumika kanuni za Waziri Michuki: mikanda kwa kila abiria, chombo cha kuzuia mwendo usipite kilomita 80 kwa saa, na mstari wa rangi ya manjano ubavuni. Ajali zilipungua kwa muda, kisha watu wakajifunza njia za kukwepa. Lakini jambo moja halikubadilika kwa wengi. Dereva na kondakta wake hupangiwa na mwenye gari fedha wanazopaswa kumletea kila jioni, nao huziita "hesabu." Mafuta huyatoa wao, na kinachobaki baada ya hesabu na mafuta ndicho ujira wao. Kwa hiyo kila dakika waliyosimama nyuma ya baisikeli yangu wanaiona kama shilingi inayodondoka. Sisemi hivyo ili kuwaondolea lawama. Nasema ili tujue kwamba ukali huu una mama na baba, wala haukuanguka kutoka mbinguni.

Nilipokuwa katika shule ya sekondari ya misheni, mwalimu wetu wa sayansi alituandikia ubaoni kanuni ambayo wakati ule niliikariri kwa ajili ya mtihani tu: mwendo wa kitu ukizidishwa mara mbili, nguvu ya pigo lake huwa mara nne. Sasa naisoma kanuni hiyo kila asubuhi kwa mgongo wangu. Ndani ya miji sheria yetu yaruhusu kilomita 50 kwa saa, na gari la mwendo huo hukata karibu mita 14 kwa sekunde moja. Likienda kilomita 80, hukata zaidi ya mita 22. Yaani dereva akigeuza macho kutazama abiria kando ya njia, akahesabu moja, mbili, amekwisha kupita mita 44 asione kitu. Katika mita hizo waweza kuwako watoto wa shule kumi.

ASUBUHI ILE

Katika kundi letu la alfajiri alikuwako fundi mmoja wa mabomba ya maji, mtu wa Kayole. Sikulijua jina lake kamili. Nilimjua kwa mfuko wa spana uliolia nyuma ya baisikeli, na kwa desturi yake ya kusema, "Tumeamka salama," kila atupitapo. Maana alikuwa na miguu yenye nguvu kuliko sisi sote. Asubuhi moja ya mwezi wa Mei, mvua ya masika ikinyunya, tulikuta watu wamekusanyika kando ya Jogoo Road. Baisikeli ilikuwa mtaroni, gurudumu la nyuma limekunjwa kama karatasi. Spana zilikuwa zimetawanyika juu ya lami. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuchukuliwa. Tulizikusanya zile spana moja moja, tukazitia mfukoni, na bawabu mmoja akaubeba ule mfuko hadi Kayole kuwapa watu wake. Baadaye tulisikia kwamba hakufika hospitali akiwa hai. Gari lililompiga halikusimama.

Taarifa za serikali zilionyesha kwamba mwaka 2023 watu zaidi ya 4,000 walikufa kwa ajali za barabarani katika Kenya, na kundi kubwa kupita yote lilikuwa la watu waendao kwa miguu. Mimi ni karani, nimezoea namba. Lakini tangu siku ile namba hiyo siioni tena kama namba. Nasikia mlio wa spana.

Mama watoto alipopata habari hakusema mengi. Aliweka sahani mezani, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Baba watoto, karo ya shemeji yangu tutaitafuta kwa njia nyingine. Iuze hiyo baisikeli." Nilimwomba anipe mwezi mmoja.

Kabla ya mwezi huo kwisha, nilikuwa naenda Jogoo Road nimeshika upande wangu wa kushoto, mwendo wa kadiri. Matatu moja ilitokea nyuma, ikapiga honi hata masikio yakaziba, ikanipita karibu mno, kisha ikakata kushoto mbele yangu kumchukua abiria mmoja. Nilifunga breki, gurudumu likateleza, nikaingia mtaroni kwa magoti. Suruali ya kazi ilipasuka, na kiganja kikachunika. Kondakta aliyekuwa akining'inia mlangoni alinitazama, akacheka, akasema, "Nunua gari, mzee!" Wakaondoka.

Naungama mbele ya wasomaji kwamba nilichofanya baadaye hakikuwa cha mtu aliyesoma. Nilimkumbuka yule fundi, damu ikapanda. Nikarukia baisikeli na kuifuata ile matatu kama mbwa afuataye gari la nyama. Msongamano wa City Stadium ukaikamata, nikaifikia. Nikapiga ubavu wake kwa ngumi mara tatu, nikimwita dereva ashuke. Kondakta akashuka na fimbo ya kuegemezea kiti. Watu wakakusanyika, wengine walinitetea, wengine walitaka tu kuona nani atapigwa. Sijui mambo yangeishaje kama askari wa barabara hakupuliza kipenga na magari hayakusonga. Matatu ikaenda zake, nami nikabaki natetemeka, maneno machafu yangali mdomoni.

Yaliyofuata ndiyo sababu ya kuandika makala haya. Niliendelea na Landhies Road kwa kasi niliyokuwa sijapata kuitumia hata siku moja. Nilipiga kengele bila kukoma. Nilimfokea mvuta mkokoteni. Niliwapita watu wa miguu kwa upana wa kidole. Karibu na Muthurwa mama mmoja mzee alikuwa akivuka na gunia la sukuma wiki mgongoni, kamba kipajini, macho chini kama wabebavyo mizigo mama zetu. Nilimwona. Nilifikiri atangoja. Kwa nini angoje? Kwa kuwa mimi nilikuwa na haraka. Mpini wa baisikeli ulishika gunia lake, akaanguka upande, sukuma wiki zikamwagika katika maji machafu.

Niliitupa baisikeli nikamwinua. Hakuumia, ila kiwiko kilichubuka kidogo. Alinitazama suruali iliyopasuka na kiganja chenye damu, akaniuliza kwa sauti ya upole, "Mwanangu, na wewe ni nani amekuangusha?"

Sikuwa na la kumjibu. Niliinama nikaokota majani yale moja moja, kama tulivyookota zile spana. Nilimwambia, "Mama, nisamehe," nikamlipa mzigo wake wote, naye akakataa nusu ya fedha. Ofisini nilifika nimechelewa, jambo ambalo baisikeli haikuwa imenitendea tangu niinunue. Siku nzima swali la mama yule lilinikaa mbele ya macho. Mimi niliyekuwa nikiwaita madereva wanyama, nilihitaji dakika kumi tu za hasira kuwa kama wao. Tofauti yetu ilikuwa uzito wa chombo. Lau ningalikuwa nimeketi katika matatu badala ya baisikeli, mama yule asingalisimama tena.

MAFUNZO YA BAWABU

Jioni nilimweleza habari hizi yule bawabu aliyeubeba mfuko wa spana. Ni mzee wa miaka sitini hivi, ameendesha baisikeli katika Nairobi zaidi ya miaka ishirini, naye huchechemea mguu wa kushoto kwa sababu ya lori lililopinda juu yake zamani. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Kijana wangu, barabara haikujui kwamba wewe ni karani. Keti nikufundishe." Aliyonifundisha nayaandika hapa kwa ajili ya wengine.

Kwanza, usijibanze ukingoni kabisa. Mtu mwoga hushika ukingo, na ukingo ndiko kuliko na vigae vya chupa, mchanga na mitaro ambayo mifuniko yake ya chuma imeibwa ikauzwa. Tena ukijibanza hivyo, dereva huona nafasi na kudhani yamtosha. Mahali pasipo njia ya baisikeli, endesha hatua moja kutoka ukingoni, kwa mstari ulionyoka, ili aonaye nyuma ajue kwamba lazima akupishe kwa adabu.

Pili, zungumza kwa mikono na kwa macho. Kabla ya kugeuka, tazama nyuma, nyosha mkono, kisha mtafute dereva machoni. Mtu aliyekutazama machoni si rahisi akugonge. Asipokutazama, mhesabu kuwa hayupo, nawe usiingie.

Tatu, matatu iliyosimama usiipite kwa kushoto, kwa maana mlango uko huko na abiria atashuka kifuani mwako. Itazame magurudumu yake ya mbele. Yakianza kupinda, gari laondoka, hata kama taa hazikuwashwa.

Nne, usisimame kamwe kando ya lori penye njia panda. Kaa nyuma yake au mbali mbele yake, mahali ambapo dereva aweza kukuona kwa macho yake mawili. Mzee alipoyasema haya alijipiga goti lake bovu, wala hakuongeza neno.

Tano, penye mzunguko mkubwa wa barabara, kama moyo wako haukutulia, shuka, sukuma baisikeli kama mtu wa miguu. Aibu ya kushuka haijapata kumwua mtu.

Sita, jionyeshe. Taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma, na koti la kung'aa juu ya nguo za kazi. Kuvaa nguo nyeusi juu ya baisikeli nyeusi, asubuhi ya mvua, ni kumwomba dereva miujiza.

Saba, ambalo alisema ni kubwa kupita yote: tusi likitupwa, lipishe lipite. "Akikusukuma," alisema, "simama kando. Ishike namba ya gari, uiandike, uipeleke polisi au kwa chama cha magari yao. Kisha pumua mpaka moyo urudi mahali pake ndipo upande tena. Hasira ni abiria mzito. Ukimbeba, baisikeli haishiki njia."

Tangu hapo naweka kijitabu na penseli mfukoni. Nimeandika namba nne. Tatu hazikuzaa kitu. Moja ilizaa: wasimamizi wa chama chao walimwita dereva, naye alinipigia simu kuomba radhi, kwa sauti ya kijana mdogo kuliko nilivyodhani. Aliniambia kwamba siku ile alikuwa hajafikisha hata nusu ya hesabu.

MANENO KWA PANDE ZOTE

Sitaki ionekane kwamba nawaachia watu binafsi mzigo wote. Barabara nzuri hufanya madereva wazuri. Thika Road, iliyofunguliwa mwaka 2012, iliwekewa njia za kando za watu wa miguu na baisikeli, na ambapo njia hizo hazikuvamiwa watu hupita salama. Kwa upande mwingine, ile barabara ya juu ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyofunguliwa mwaka 2022, ni ya magari peke yake. Mwenye baisikeli huitazama kutoka chini kama atazamavyo ndege. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilitoa sera juu ya usafiri usiotumia injini, ikaahidi kwamba sehemu ya 20 kwa mia ya fedha za usafiri itatengwa kwa ajili ya watu wa miguu na baisikeli. Ahadi hiyo ni njema. Sisi wa Jogoo Road twaomba ije itutembelee, ilete rangi, ilete ukingo wa saruji wa kututenga na magari, na ilete mifuniko ya mitaro. Na wale waliojenga vibanda juu ya njia tulizonazo waonyeshwe mahali pengine pa kuuzia, kwa kuwa nao wana watoto.

Kwenu madereva nasema hivi: mtu aliye mbele yenu juu ya baisikeli amelipunguza gari moja katika msongamano wenu. Mngojeeni sekunde tano. Akienda, mtapata nafasi yake yote. Na wenye magari ya abiria, kama kweli mwataka mwendo wa adabu, walipeni watu wenu mshahara wa mwezi, mwache kuwafunga kwa hesabu ya jioni.

Kwenu wenzangu wa baisikeli nasema: na sisi tuache kwenda kinyume cha magari, tuache kuvuka taa nyekundu, na tumpishe mtu wa miguu. Yeye ndiye mdogo wetu barabarani. Tusimfanyie tunayolia tukifanyiwa.

Baisikeli sikuiuza. Mwezi nilioombewa ulipokwisha, mama watoto aliniuliza kama nimeamua. Nilimwonyesha koti jipya la kung'aa na taa mbili, nikamweleza yale saba ya mzee, naye alinifanya niyarudie kama mtoto asomaye somo la darasani mpaka nikayasema bila kukosa. Mdogo wangu amebakiza mihula miwili kumaliza chuo. Na kila nipitapo Muthurwa nashuka, nasukuma baisikeli hatua mia hivi. Yule mama mara nyingine huwa hapo na mafungu yake. Huniuliza, "Leo umefika salama, mwanangu?" Nami hujibu, "Nimefika, mama." Kisha nanunua fungu la sukuma wiki, nalifunga juu ya kichukuzi, nakwenda zangu kazini.

Wahenga wetu walikwisha kusema, kawia ufike. Nimeyaona maneno hayo yameandikwa nyuma ya malori na matatu nyingi za mji huu, kwa herufi kubwa za rangi nzuri. Laiti yangaliandikwa mbele pia, mahali ambapo dereva mwenyewe huyasoma.